Kabla ya Bomba la Dawa, Wahesabiwe Nyigu

Embe lililotagiwa mayai na nzi wa matunda huweza kukaa kwenye kreti likiwa zuri kabisa, rangi imekolea na harufu inaita, hadi kisu kipite katikati na funza weupe waanze kurukaruka. Dalali mwenye uzoefu hulijua hilo. Hatosheki na maelezo ya mwenye shamba. Hupasua matunda mawili matatu, na akikuta funza, bei huporomoka au lori huondoka kwenda kwa jirani.

Katika ukanda wa chini wa Embu, kuanzia chini ya kilima cha Kiang'ombe hadi mto Thuci ambako kaunti hiyo inapakana na Tharaka Nithi, hasara ya namna hii ni nzito. Ishiara, iliyo katika ukanda huo, ni nchi ya joto na mvua chache. Wambeere, wenyeji wa huko, wamezoea kupanda mtama, mawele, ndengu na kunde, kufuga mbuzi na kutundika mizinga, na mwembe ukaja kuwa mti wa fedha kwa sababu mizizi yake hushuka mbali na huvumilia kiangazi kinachokausha mahindi. Maembe yakioza, aghalabu karo ya muhula huo imeoza pamoja nayo.

Mharibifu mkuu ni mgeni. Nzi anayeitwa na wanasayansi Bactrocera dorsalis ana asili ya Asia, na aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, chenye makao yake Kasarani, Nairobi. Kabla yake palikuwa na nzi wa kienyeji wa jamii ya Ceratitis, ambaye naye aliharibu matunda, lakini huyu mgeni huzaana kwa kasi zaidi na mahali pengi amemsukuma mwenyeji pembeni. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Wakulima wengi walikimbilia bomba la dawa, na ni rahisi kuelewa kwa nini: dawa iko dukani, muuzaji ana maelezo tayari, na jirani amepulizia jana. Tatizo ni kwamba bomba humkosa adui na kumpata rafiki. Nzi jike hutoboa ngozi ya embe na kutaga ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, funza hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hutoka, hujichimbia kwenye udongo sentimita chache na kugeuka pupa. Jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai katika maisha yake. Kwa hiyo mkulima anapolowesha majani, sehemu kubwa ya ukoo wa nzi imo ndani ya tunda au chini ya udongo, mahali ambapo dawa haifiki.

Walioko wazi ni wengine: buibui, vunjajungu, mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, nzi wa maua wanaosaidia mwembe kushika matunda, nyuki wa mizinga ya jirani, na nyigu wadogo kiasi kwamba wengi hawajawahi kuwaona. Hao ndio hufa. Siku chache baadaye nzi wapya huibuka kutoka ardhini na kukuta shamba lisilo na mlinzi hata mmoja.

Nchi ya Mlima Kenya ililipata somo hili zamani, na inasikitisha kwamba kisa chake hakisimuliwi mara kwa mara katika mikutano ya wakulima. Katika miaka ya 1920, wadudu weupe wanaojifunika unga unaofanana na pamba walizuka maeneo ya Thika na kuenea katika mashamba ya kahawa. Hawakuishia kwenye kahawa. Waliingia pia kwenye mazao ya chakula ya wenyeji. Wataalamu walidhani ni mdudu aliyejulikana tayari kutoka Asia, wakamtafutia maadui huko, wakaleta wadudu wa aina mbalimbali, na hawakufua dafu. Ndipo R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu, alipomchunguza upya na kuonyesha, katikati ya miaka ya 1930, kwamba huyu ni mdudu tofauti kabisa, na kwao si Asia bali ni hapa jirani, Uganda. Huko hakuwa tishio kwa sababu nyigu wa huko walimshambulia. Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa Kenya na kuachiliwa. Katika miaka iliyofuata janga likapungua hadi mdudu huyo akawa mmoja tu kati ya wadudu wengi wa kahawa.

Sehemu ya kisa hicho inayomhusu moja kwa moja mkulima wa leo ni ile ya sisimizi. Wadudu wa unga hutoa majimaji matamu, na sisimizi huyapenda kiasi cha kuwalinda wadudu hao na kuwafukuza nyigu wanaowakaribia. Nyigu wanaweza kuwepo shambani na wasifanye kazi kwa sababu mlango una askari. Wakulima wa kahawa walifundishwa kufunga ukanda wenye gundi kwenye shina ili sisimizi wasipande. Njia hiyo inafaa hadi leo kwa mwembe, mpapai au mchungwa ulioshambuliwa na wadudu wa unga. Ukanda wa plastiki ufungwe kwenye shina na grisi ipakwe juu ya plastiki, si juu ya gome lenyewe, kwa maana grisi huweza kuliunguza gome. Matawi yanayogusa nyasi au udongo yakatwe, la sivyo sisimizi watapita huko.

Kwa nzi wa matunda, adui alitafutwa mbali zaidi. Nyigu wa kienyeji walijaribu kutaga mayai yao ndani ya nzi mgeni, lakini mwili wa nzi huyo huyazingira mayai ya nyigu na kuyaua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 icipe ilileta nyigu aitwaye Fopius arisanus kutoka Hawaii, visiwa ambako alikuwa akimdhibiti nzi yuleyule tangu mwisho wa miaka ya 1940. Kazi yake inastaajabisha. Nyigu jike hutembea juu ya embe, hutafuta mahali nzi alipotaga, na kwa sindano yake ndefu huingiza yai lake ndani ya yai la nzi. Funza huanguliwa na kukua kana kwamba hakuna kilichotokea, akienda udongoni hugeuka pupa, na kutoka kwenye pupa hiyo hatoki nzi: hutoka nyigu. Mwenzake, Diachasmimorpha longicaudata, huwashambulia funza wenyewe ndani ya tunda. Wote wawili wameachiliwa katika maeneo ya maembe nchini Kenya. Hawaumi watu, hawali matunda, na pale wanaposhika makazi hujizalisha wenyewe bila mkulima kulipa chochote.

Lakini nyigu hawamalizi nzi peke yao, na mkulima akiahidiwa hivyo atavunjika moyo msimu wa kwanza tu. Wanapunguza. Kazi nyingine iko mikononi mwa mwenye shamba, na kubwa kuliko zote ni kuokota matunda yaliyoanguka.

Embe lililoanguka na kuachwa chini ya mti ndilo kiwanda cha nzi wa wiki mbili zijazo. Msimu ukianza, matunda hayo yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yaliyo mtini yenye alama za kutobolewa au yanayotoa maji. Wengi huyatupa kwenye shimo la mbolea au kuyarundika kando ya ua, na hapo wamemhamisha nzi tu. Njia iliyozoeleka ni kuyazika kwa kina cha sentimita 60 au zaidi na kuushindilia udongo. Nyingine ni kuyafunga ndani ya mifuko myeusi na kuiacha juani siku kadhaa. Kwa jua la Ishiara, joto ndani ya mfuko huwaua funza bila shida.

Njia hizo mbili zina kasoro moja: huua nzi na nyigu kwa pamoja. Ndiyo maana watafiti walibuni hema. Ni kibanda kidogo cha kitambaa kisichopitisha mdudu, kimefungwa pande zote hadi chini, na juu kina dirisha la wavu. Matunda mabovu humwagwa ndani kupitia mlango unaofungwa barabara. Nzi wanaoibuka humo ni wakubwa kuliko matundu ya wavu, kwa hiyo hunaswa na kufa. Nyigu ni wembamba. Hupenya na kurudi shambani kuendelea na kazi. Mbinu hii ilianzia Hawaii na icipe imeifundisha kwa wakulima wa Kenya. Fundi cherehani wa sokoni anaweza kushona hema la kutosha familia kadhaa, na gharama ikagawanywa. Kabla ya kununua wavu mwingi, kipande kijaribiwe: maembe yenye funza yatiwe kwenye ndoo yenye udongo kidogo, ndoo ifunikwe kwa wavu huo, kisha isubiriwe zaidi ya wiki mbili. Nzi wakipita, wavu huo haufai. Kingo za chini za hema zifukiwe, maana funza anayetafuta udongo hupita penye upenyo wowote.

Jambo la pili ni chambo. Nzi jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, na harufu ya protini humvuta. Nchini Kenya chambo hicho kimekuwa kikitengenezwa kwa mabaki ya hamira kutoka viwanda vya bia. Huchanganywa na kiuatilifu kidogo, na kwa mkulima wa kilimo hai kile kinachotokana na bakteria wa udongo, spinosad, ndicho hukubaliwa mara nyingi. Mti mzima haupuliziwi. Mililita 50 hivi hutiwa mahali pamoja kwenye majani, mara moja kwa wiki, kuanzia matunda yakiwa bado machanga hadi mavuno yamalizike. Nzi huja kula na kufa. Nyuki na nyigu hawana sababu ya kuja pale kwa wingi. Kipimo na muda kamili vifuatwe kama vilivyoandikwa kwenye kibandiko, na mvua ikinyesha baada ya kupaka, kazi irudiwe.

Mitego yenye kivutio cha methyl eugenol hukamata nzi dume. Faida yake kubwa kwa mkulima mdogo ni kupima: chupa ya plastiki iliyotobolewa ubavuni na kutundikwa kivulini itamwonyesha kama nzi wameanza kuongezeka, ili asipake chambo kwa kubahatisha. Kuna pia kuvu aitwaye Metarhizium, aina ya ICIPE 69, ambaye humwagwa udongoni chini ya mti na kuwaua funza na pupa huko walikojificha. Amesajiliwa na huuzwa Kenya kama dawa ya kibiolojia. Hufanya kazi vizuri zaidi udongo ukiwa na unyevu, jambo ambalo Ishiara si la kila wakati. Mwenye maji ya mfereji au aliyeweka matandazo ya nyasi chini ya miti atafaidika zaidi.

Nyigu aliyekomaa hali nzi. Anaishi kwa maji matamu ya maua. Shamba lililopaliliwa hadi udongo mtupu, bila ua hata moja, humnyima chakula akaondoka au akafa mapema. Hapa mkulima wa Mbeere ana bahati ambayo huenda haijui: kunde, anazozipanda tangu enzi za mababu, hutoa utomvu mtamu hata nje ya maua yake, kwenye vishina vya maganda, na wadudu wengi wenye manufaa huufuata. Mstari wa kunde kati ya miembe huwalisha walinzi, hulisha familia na kurutubisha udongo. Dania iliyoachwa ichanue na alizeti pembeni huongeza. Magugu yenye maua madogo kwenye mpaka wa shamba yafyekwe kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine, badala ya kufyekwa yote siku moja.

Wenye mashamba ya mizabibu wamekuwa wakifanya hivi kwa muda mrefu, wakiotesha maua kati ya mistari ili nyigu na buibui wasihame. Karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, shamba la Vergenoegd limejulikana kwa kundi kubwa la bata wanaotembezwa kila siku kati ya mizabibu wakila konokono. Anayelima zabibu Dodoma anaweza kulifikiria hilo vilevile. Ishiara hapahitaji bata. Kuna kuku wa kienyeji. Wakiachiliwa chini ya miembe asubuhi, baada ya matunda kuokotwa, huchakura na kula funza na pupa walio juujuu. Kuku hawachukui nafasi ya kuokota, na shamba lililopuliziwa sumu si mahali pa kuwaachilia.

Pwani na Tanzania kuna mlinzi mwingine mashuhuri: majimoto, wale sisimizi wakali wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Jamaa zao walitumiwa China kulinda michungwa tangu karne ya nne. Unguja, katika miaka ya 1950, watafiti walionyesha jinsi majimoto wanavyowazuia kunguni wanaoharibu minazi, na nchini Benin wameonekana kupunguza nzi wa maembe. Mkulima wa Malindi au Mtwara mwenye majimoto juu ya mwembe wake asiwachome moto. Wachumaji wapake majivu mikononi wakati wa kuvuna. Lakini kuwasafirisha hadi Mbeere kavu si ushauri mzuri. Kila eneo lina walinzi wake, na wale wa Ishiara wanatosha wakiachwa waishi.

Neno kuhusu dawa za kujitengenezea. Mwarobaini humea vizuri sana katika joto la ukanda huu, na maji ya mbegu zake zilizotwangwa husaidia dhidi ya vidukari na viwavi wadogo kwenye sukuma wiki na kunde. Hata hivyo unyunyiziwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na mahali palipo na wadudu tu. Mchanganyiko wa tumbaku ni jambo jingine. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu na kwa kila mdudu, mwenye madhara na asiye na madhara, na kuiita ya asili hakuipunguzii ukali. Ni heri isitumike kabisa.

Anayetaka kuhamia kilimo hai asiache dawa ghafla shamba zima. Walinzi waliouawa kwa miaka mingi hawarudi kwa wiki moja, na msimu wa kwanza unaweza kuwa mbaya kuliko uliotangulia. Busara ni kuanza na sehemu moja, ile iliyo mbali na majirani wanaopulizia, na kuandika daftarini: kati ya maembe 50 yaliyopasuliwa kila wiki, mangapi yalikuwa na funza. Hesabu hiyo ndogo ina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Aangalie pia majani ya mboga kwa makini. Kidukari aliyevimba, mwenye rangi ya kahawia na tundu dogo mgongoni, ameuawa na nyigu. Jani lenye wengi wa namna hiyo halihitaji dawa yoyote. Kiwavi aliyezungukwa na vifuko vyeupe kama punje za mchele naye ameshakwisha, na kumponda ni kuwaponda nyigu walio ndani ya vifuko hivyo.

Nzi huruka hadi shamba la pili na la tatu, kwa hiyo anayeokota matunda peke yake katikati ya majirani wasiookota anapoteza nguvu. Vikundi vya wakulima ndivyo vinavyofaa hapa: hema moja kwa maboma kadhaa, siku moja ya kupaka chambo kwa wote, zamu ya kukagua mitego. Kikundi kama hicho kinaweza pia kuomba uthibitisho wa pamoja wa kilimo hai, ambapo wakulima hukaguana wenyewe kwa utaratibu uliowekwa na kupata kibali cha kutumia alama ya Kilimohai, inayotambuliwa Afrika Mashariki tangu viwango vya pamoja vilipopitishwa mwaka 2007. Kwa ushauri wa kitaalamu, kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko mjini Embu, na ikiwa kikundi kinataka nyigu waachiliwe eneo lake, ombi lipelekwe huko au icipe. Dawa yoyote, hata ya kibiolojia, iwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia viuatilifu nchini Kenya, kwenye kibandiko. Isiyo nayo irudishwe dukani.

Kuna miti ambayo hakuna anayeihesabu: miembe mitatu ya kienyeji nyuma ya nyumba, mpera kando ya choo, mng'ongo wa porini. Mwenyewe havuni kwa ajili ya soko, basi matunda huoza chini na hakuna anayejali. Miezi ambayo maembe ya soko yamekwisha, nzi hukaa humo, hasa kwenye mapera, wakisubiri msimu mwingine. Kikundi kikigawana kazi, watoto wa shule wakapewa ndoo ya kuokota mapera hayo Jumamosi na kuyapeleka hemani, miembe itakapochanua tena nzi watakuwa wachache, na chambo kitakachonunuliwa kitakuwa kidogo.